Wino na Karatasi: Mtaala wa Nyumba za Pwani

Mwaka 1858, sawa na 1275 wa Hijria, mama mmoja mgonjwa katika visiwa vya Lamu alimwita bintiye aje akae karibu naye. Mama huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Binti ni Mwana Hashima. Mama alikuwa na mengi ya kusema, na muda wa kuyasema aliuona mfupi. Hata hivyo hakuanza na wasia. Alianza kwa kuagiza vifaa. Alimtaka bintiye alete wino na karatasi, aketi, kisha aandike jina la Mwenyezi Mungu kabla ya neno jingine lolote. Ndipo somo likaanza.

Utendi uliotokana na kikao kile umesomwa sana kama mafunzo ya mke kwa mumewe. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa jina linalotaja wajibu wa mke, na tangu hapo wahakiki wamekuwa wakibishana iwapo mtunzi alikuwa akimfunga binti yake au akimpa hila ya kuishi. Mabishano hayo yana thamani yake. Lakini beti zile za mwanzo, ambazo aghalabu hupitwa upesi kama kibaraza cha kuingilia nyumba, zinashuhudia jambo jingine. Zinaonyesha kwamba wino ulikuwa karibu, kwamba msichana aliyeitwa alijua kuandika, na kwamba mama ndiye aliyeamua mwanawe ajifunze nini, kwa mpangilio gani na kwa zana zipi. Huo, kwa lugha ya leo, ni mtaala.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Mtaala, ambalo wazee wengi hulitamka mtalaa, kwa asili ni kusoma kwa mazingatio, yaani kukaa na kitabu hadi maana yake ifunguke. Baadaye sana ndipo lilipokuwa jina la nyaraka zinazoandaliwa na wizara na kusambazwa shuleni. Kabla ya hapo watoto wa pwani walisoma, wakahesabu, wakapima majira na wakatunga mashairi, na masomo hayo yote yalichaguliwa na watu waliowajua kwa majina: mama, bibi, somo, mwalimu wa chuo, nahodha, fundi. Historia ya elimu ya pwani ikiandikwa kwa kuanza na jengo la kwanza la serikali, watu hao wote hubaki nje ya mlango.

Somo la kwanza lilikuwa chuo. Kiswahili cha zamani kilitumia neno hilo hilo kwa kitabu na kwa mahali kinaposomwa, wala si ajabu, kwa kuwa mahali penyewe mara nyingi palikuwa baraza au ukumbi wa nyumba ya mwalimu, na kilichopafanya chuo ni kile kilichokuwa kikisomwa. Mtoto alianza na herufi, alifu kwa kijiti, kisha irabu zake, kisha akaingia katika sura fupi za juzuu ya Amma kabla ya kupanda kwenye sura ndefu. Zana yake ilikuwa ubao. Aya iliandikwa juu yake kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, mtoto akaisoma kwa sauti hadi ikamkaa moyoni, kisha ubao ukaoshwa kwa maji ili upokee somo la pili. Kwa namna hiyo hakuna aya iliyofutwa kwenye ubao kabla haijahamia kichwani, na mtoto aliuona mwendo wa masomo yake kwa macho na kuugusa kwa mikono. Alipofika mwisho wa msahafu alisemwa kuwa amehitimu. Neno hilo ndilo ambalo leo hutumiwa kwa kila mwenye shahada ya chuo kikuu, ingawa wachache hukumbuka kwamba lilitoka kwenye khitima ya mtoto aliyekaa mkekani.

Chuo kilikuwa nusu ya siku tu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya nyumba, na nyumba nayo ilikuwa na masomo yake. Jioni palikuwa na ngano na vitendawili, ambavyo kazi yake haikuwa kuchangamsha watoto peke yake. Anayetega kitendawili humlazimisha mwenzake atazame kitu cha kila siku, yai, kivuli, nazi, na kukiona upya, na hapo ndipo fikra ya tamathali inapoanza. Palikuwa pia na tendi. Utendi wa Tambuka ulikuwapo tangu 1728, na baada yake zilifuata nyingine nyingi zilizosomwa kwa sauti majumbani, zikasikilizwa na watoto waliojilaza pembeni wakidhaniwa wamelala.

Wapenzi wa ushairi wanajua kwa nini utendi hukaa kichwani kwa urahisi. Ubeti wake una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya mwanzo hushirikiana kina, na cha nne hurudi kwenye kina cha bahari kinachoushona utendi mzima toka mwanzo hadi mwisho. Mtoto aliyeshika ubeti mmoja ana kipimo cha kujulia kama ubeti wa pili una kasoro. Mizani nane zahesabika kwa vidole, na kosa husikika kabla ya kuelezwa. Vizazi vingi vilipata kwa njia hiyo somo la lugha, la hesabu na la adabu kwa mkupuo mmoja, bila ya yeyote kuyapa majina matatu.

Mikono nayo haikuachwa bila kazi. Msichana aliyeketi na bibi yake alichambua ukindu, akachagua chane zenye upana mmoja, akazitia rangi, akasuka ukili, kisha kili zikashonwa pamoja kuwa mkeka. Ua la mkeka ni hesabu tupu: chane moja ikizidi au ikipungua, mchoro hupotea, na dawa yake ni kufumua na kurudi nyuma hadi lilipotokea kosa. Mvulana aliyechungulia barazani alijifunza hesabu yake kwenye bao. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za kunamua, na asiyeweza kuona mzunguko wa kete zake kabla ya kuzigusa hatoki salama. Hakuna aliyemwambia mvulana yule kwamba anajifunza kujumlisha na kutoa. Aliambiwa tu anyamaze na atazame.

Baharini palikuwa na darasa jingine. Mabaharia wa pwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo, kila mwongo siku kumi, ikawa miongo 36 na siku tano za kufungia mwaka. Kwa hesabu hiyo walijua lini kaskazi itatulia, lini kusi itaanza kusukuma, na lini chombo kisitoke bandarini. Mkulima alitumia hesabu hiyo hiyo kwa mvua na mbegu. Kijana aliyefuatana na nahodha alijifunza falaki, hali ya hewa na hesabu za siku kwa kusudi lililo wazi, kwani aliyekosea hakupunguziwa alama, alipotelea baharini. Kumbukumbu ya mwaka huo ingali hai Makunduchi, ambako Mwaka Kogwa husherehekewa kila Julai.

Yafaa hapa kuutaja unyago pia, maana bila yake orodha ingekuwa ya upande mmoja. Msichana wa Unguja aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo, ambaye alimfundisha mwili wake, usafi wake na maisha ya ndoa kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa ishara. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 na kujulikana duniani kote kwa sauti yake, aliheshimiwa nyumbani kwanza kama mwalimu wa unyago. Wanazuoni hawakuukubali unyago wakati wote, na hadi leo si nyumba zote zinazoukubali. Lakini ni ushahidi kwamba pwani haikuwa na mtaala mmoja. Ilikuwa na mitaala kadhaa iliyokaa nyumba moja, ikivumiliana na wakati mwingine ikigombana, na mzazi alikuwa na la kuchagua.

Uchaguzi huo ulikuwa na dhambi zake, na sifa za mababu zisizozitaja ni sifa za uongo. Iliyo kubwa kabisa ni ya kalamu. Katika nyumba nyingi msichana alifundishwa kusoma bila ya kufundishwa kuandika. Kusoma kulimfikisha kwenye Qurani. Kuandika, walidhani wenye hofu, kungemfikisha kwa watu asiopasa kufikiana nao. Mwana Hashima aliyeagizwa alete wino hakuwa mfano wa wasichana wote wa zama zake. Alitoka Siyu, mji uliosifika kwa wanazuoni, kwa mafundi wa ngozi na kwa wanakili wa misahafu iliyopambwa kwa wino wa rangi. Mji huo huo katika miaka ya 1840 uliyarudisha nyuma majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar. Katika mji kama huo wino ulikuwa kazi ya watu, na binti wa mtawala aliupata.

Upande wa pili, katika kasri ya Sayyid Said mwenyewe, binti wa mfalme alinyimwa kile alichopewa binti wa Siyu. Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi walivyosomeshwa kwenye baraza ya wazi, njiwa na tausi wakiingia na kutoka wapendavyo, na jinsi masomo ya wasichana yalivyokomea kwenye kusoma. Hakuridhika. Alichukua msahafu, akanakili umbo la kila herufi juu ya fupa la bega la ngamia, ambalo ndilo lililotumiwa na wanafunzi mahali pa kibao, akafanya hivyo kwa siri hadi mkono wake ukatii. Hakuwa na mwalimu wala ruhusa. Alikuwa na kitabu kizuri cha kuigiza, kifaa cha mkononi, na haja kubwa.

Haukupita muda mrefu hofu ya wakubwa ikathibitika, na pia upungufu wake. Mwaka 1859 Sayyid Barghash alipopanga kumpindua ndugu yake Sayyid Majid, wenye njama walihitaji mwandishi wa siri. Wakampata Salme, msichana wa miaka 15, mwenye uwezo ambao ndugu zake wa kike hawakuwa nao. Njama ilishindwa, na yeye akajuta kwa muda mrefu. Lakini tarehe zile mbili zikiwekwa pamoja zinafikirisha. Mwaka 1858 mama wa Siyu anampa bintiye kalamu mchana kweupe ili aandike wasia. Mwaka 1859 kalamu iliyoibwa Unguja inaandika barua za uasi. Kalamu iliyotolewa na kalamu iliyofichwa zote ziliandika. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilikuwa na mtu wa kuiongoza.

Dhambi ya pili ni ya daraja. Mwana Kupona, pamoja na upole wake, alimwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Nyumba iliyokuwa na wino ilikuwa pia na watu ambao wino haukuwahusu. Watoto wa watumwa nao walikuwa na mtaala wa vitendo, na wao hawakuuchagua: kuni, maji, kinu, shamba la mkarafuu na la mnazi. Walipata ujuzi mwingi wa mikono na haki ndogo sana ya kuumiliki. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, miongoni mwa mambo ambayo walioachwa huru waliyatafuta kwa bidii ni nafasi ya kukaa chuoni na kusoma kama wengine. Walijua kwa uchungu kwamba kazi ya mikono bila kitabu humfanya mtu chombo cha mwenzake.

Himaya ya Waingereza ilitangazwa Zanzibar mwaka 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ikaanza kufungua shule zake. Ilileta madawati, saa, mitihani na herufi za Kirumi. Wazazi hawakuzikimbilia. Wengi waliziona shule zisizo na Qurani kuwa nyumba isiyo na msingi, wakawazuia watoto wao, na kwa miaka mingi chuo kilijaa ilhali darasa la serikali lilikuwa na nafasi. Wenye mamlaka waliita ukaidi. Kwa hakika ulikuwa mjadala juu ya mtaala, uliofanywa na watu wasio na kiti katika kamati yoyote ila wenye uwezo wa kumpeleka au kutompeleka mtoto. Na mjadala huo waliushinda kwa kiasi chake, kwa sababu hatimaye serikali iliingiza mafunzo ya Qurani katika shule zake ndipo wanafunzi wakaongezeka.

Katika jambo la herufi hawakushinda. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Tendi zote zilizotajwa hapo juu ziliandikwa hivyo, na barua za biashara, na wasia wa Mwana Kupona. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 kusanifu lugha kwa msingi wa Kiunguja, ilisanifu lugha ya herufi za Kirumi. Faida zake hazikanushiki: vitabu vilienea, na watu wa bara na wa pwani wakasoma ukurasa mmoja. Hasara yake haikuandikwa popote. Bibi aliyeweza kusoma msahafu wake, kuandika barua kwa mwanawe aliye safarini na kusahihisha mizani ya utendi, alijikuta hawezi kusoma daftari la mjukuu wake. Hakusahau kitu. Mtaala ndio uliohama nyumba usiku, na asubuhi yeye akaitwa asiyejua kusoma. Kuanzia hapo mtoto aliyerudi nyumbani na swali hakuwa na wa kumuuliza, na mama akaanza kuamini kwamba elimu ni kitu kinachopatikana kwa wengine.

Shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927. Kwa mengi ilikuwa neema, kwa kuwa iliwapa wasichana kalamu hadharani, kile alichokiiba Salme juu ya fupa la ngamia. Kizazi cha walimu wa kike kilitoka humo. Lakini hata pale ushoni na upishi viliwekwa katika ratiba kama masomo mapya kwa watoto ambao mama zao walishona kofia za vito na kupika bila kupima kwa kijiko. Elimu ya nyumbani haikutambuliwa kuwa elimu mpaka ilipopewa kengele. Baada ya Mapinduzi, tarehe 23 Septemba 1964, Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo, na milango ikafunguka kwa watoto wa shamba na wa mjini bila kuulizwa nasaba. Hilo ndilo jibu la haki kwa dhambi ya daraja, na hakuna mtaala wa nyumbani ambao ungeweza kulitoa peke yake, kwa sababu nyumba hutoa ilicho nacho, na nyumba hazilingani.

Hata hivyo mkono wa mzazi haukuacha kuandika. Salme mwenyewe, akiwa mjane nchini Ujerumani na watoto watatu, aliandika habari za maisha yake kwa ajili yao, ili wajue mama yao alitoka wapi. Kitabu kilichochapwa Berlin mwaka 1886, ambacho dunia hukisoma kama habari za kasri, kilianza kama somo la nyumbani kwa watoto waliokuwa wakikua mbali na bahari ya mama yao. Karne ya 20 ilipofika katikati, Shaaban Robert wa Tanga, aliyefiwa na mkewe na kuachiwa watoto wa kulea, alitunga tenzi mbili za nasaha, Hati kwa ajili ya binti yake na Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume, zote kwa herufi za Kirumi. Alirithi umbo la Siyu, akalivika herufi za zama zake. Wazazi watatu, mmoja mgonjwa, mmoja ugenini, mmoja mfiwa. Wote walihofia kwamba kitu fulani hakitawafikia watoto wao wasipokiandika wenyewe.

Somo la vitendo nalo lilirudi kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliona kwamba watoto wao waliingia shule za msingi wakiwa nyuma ya wenzao, wakaomba msaada wa Aga Khan. Mjini Mombasa mwalimu Bi Swafiya Said akaongoza kazi ya kuandaa mpango wa elimu ya awali ndani ya madrasa, ambapo watoto walisoma dini yao, na humo humo wakacheza, wakahesabu na kujenga. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Jambo la kuzingatia ni zana zake. Badala ya kununua vifaa vya plastiki kutoka ng'ambo, walimu na akina mama walikaa pamoja wakavitengeneza kwa vitu vilivyowazunguka: vifuu, makombe, kokwa, vitambaa, majani ya mnazi. Kifuu kilichompimia bibi unga kikampimia mjukuu maji darasani. Waliofanya hivyo walipunguza gharama, na zaidi ya hapo walimrudishia mzazi kitu alichokuwa amenyang'anywa, yaani ujasiri wa kuamini kwamba alicho nacho nyumbani chafaa kufundishia.

Thamani ya ujasiri huo ilionekana Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Tanzania zilibaki zimefungwa hadi Juni. Kenya, kwa madarasa mengi, hadi Januari 2021. Kwa ghafla kila nyumba ikawa shule. Palipokuwa na redio au simu, masomo machache yalipita humo. Wazazi wengi walitafuta vitabu, wakapiga chapa mazoezi, wakaulizana lipi lianze na lipi lifuate, na wengi walijiona hawafai. Mama aliyemwambia mwanawe akae akisubiri shule ifunguliwe huku mikono yake ikisuka ukili hakujua kwamba ameshika kitabu cha hesabu. Hilo halikuwa kosa lake. Lilikuwa tunda la karne nzima ya kuambiwa kwamba elimu haikai kwenye ukindu.

Leo uchaguzi ni mpana kuliko wakati wowote. Kuna mitaala ya kununua iliyofungwa katika makasha pamoja na vihesabio vyake; kuna masomo ya intaneti; Kenya ina mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kwa hatua tangu 2017, ambao huwataka wazazi washiriki kazi za mikono za watoto wao. Mzazi wa Unguja, wa Lamu, au wa familia iliyohamia Muscat au London inayotaka mtoto ashike lugha ya nyanya yake, husimama mbele ya wingi huo akiwa na hofu ile ile ya kukosea. Historia ya pwani haimpi orodha ya vitabu. Inampa vipimo, na vipimo hivyo vimelipiwa kwa gharama kubwa.

Kipimo cha kwanza ni kwamba zana iwe ya kweli. Mtoto aliyesuka mkeka alijua mtu ataukalia. Aliyehesabu miongo alijua chombo kitaifuata hesabu yake. Kipimo cha pili ni kwamba kinachoshikwa mkononi na kinachoshikwa moyoni visitengane: ubao na aya, mizani na vidole, kete na fikra. Kipimo cha tatu ni kwamba mwenye kuchagua amjue anayechaguliwa. Mwana Kupona hakuwaandikia wasichana wa dunia. Alimwandikia mmoja, na kwa kuwa alimwandikia mmoja kwa dhati, wengi wakajiona humo.

Kipimo cha nne ndicho kizito zaidi, nacho hupima nyumba na shule kwa pamoja. Nacho ni kuuliza, katika kila mtaala, nani amepewa kalamu na nani ameachiwa kusikiliza tu. Nyumba za waungwana zilimnyima msichana na mtumwa. Shule ya himaya ilimpokonya bibi. Kila mara hasara ilirudi kwa waliofanya hivyo, kwa sababu ujuzi usioandikwa hufa na mwenyewe, na aliyezuiwa kuandika mchana hutafuta fupa la ngamia usiku.

Inasemekana Mwana Kupona alifariki yapata mwaka 1860, miaka miwili baada ya kikao kile. Sehemu kubwa ya alichofundisha, juu ya ndoa na juu ya watumwa, mama wa leo angelichuja kabla ya kumpa bintiye, na ana haki ya kulichuja. Yeye naye alichuja yaliyomfikia. Lakini agizo lake la kwanza halina la kuchujwa. Kabla ya nasaha, kabla ya hofu zake na matumaini yake, alihakikisha kwamba mwanawe ameketi na kwamba wino na karatasi vipo mbele yake.